Papa wa Mama Mkwe na Pua ya Sultani

Hapo zamani, zamani ya kweli na si hiyo yenu ya juzi mnayoililia, palikuwa na mji ukiitwa Shungi, na mji huo ulitawaliwa na Sultani Mbwana Shekuwe, mtu mnene wa mwili, mpenda usingizi wa mchana kuliko kitu chochote duniani. Alilala upesi, akaamka upesi, na kila alipoamka vibaya aliamka na amri.

Chini ya chumba chake cha kulala palikuwa na ukumbi mrefu, na humo ndimo watumishi wote wa jumba walimokula chakula cha adhuhuri: waandishi wa barua, washona kofia, wafua shaba na walinzi wa lango, wote pamoja, kila mtu na kifurushi chake. Hapakuwa na ruhusa ya kula mahali pengine, kwa sababu siku moja Sultani alikwenda kukaa kwenye kiti chake cha enzi akakuta mwiba wa samaki umemtangulia kukaa. Tangu hapo ikawa ni ukumbini au ukae na njaa.

Basi miongoni mwa watumishi hao alikuwamo kijana mmoja, fukara wa kutupwa, jina lake Shaibu. Kanzu yake ilikuwa moja, na hiyo moja ilikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa. Kazi yake ilikuwa kufukuza nzi kwenye kiti cha enzi wakati Sultani hayupo. Sultani alipokuwapo, kazi hiyo ilikuwa ya mtu mwingine, mwenye cheo na kilemba. Msicheke. Wangapi kati yenu mna kazi yenye maana kuliko hiyo?

Kijana huyu alikuwa amemposa Mwanashee binti Tufaha, na posa ilikuwa imekubaliwa, jambo lililoushangaza mji mzima na Shaibu mwenyewe. Bi Tufaha, mama wa binti, alikuwa mjane mwenye maneno machache na macho mengi, na alimkubali Shaibu kwa sababu moja tu: ni mtu wa kazi jumbani. "Kanzu itashonwa," alisema, "lakini mtu asiye na kazi hashoneki." Nikaha ikawekwa Ijumaa.

Sasa sikilizeni desturi ya Shungi, maana bila hiyo mtabaki mkinitumbulia macho. Tangu posa ikubaliwe hadi siku ya nikaha, mama mkwe humpelekea mkwewe chakula cha mchana kila siku, na bakuli hurudi tupu. Likirudi na mabaki, hata kama ni kipande cha ukubwa wa kucha, maana yake mkwe ameikataa nyumba ile. Posa imevunjika, na hapana wa kuiunga.

Bi Tufaha alilileta bakuli mwenyewe mpaka langoni, akalitoa, akasimama juani na mwavuli wake akingoja. Likirudishwa, alipitisha kidole ndani yake, akakitazama kidole, kisha akaenda zake bila kuaga.

Na chakula chenyewe kilikuwa papa. Papa mkavu wa nazi, aliyeanikwa, akasahauliwa, akakumbukwa, akaanikwa tena. Harufu yake haikuwa harufu ya kupita njia. Ilikuwa harufu ya kubisha hodi, kuvua viatu na kukaa. Na juu ya papa vilifuata visheti, vile vipande vya unga vya sukari, ambavyo Bi Tufaha alivikaanga kwa namna aliyorithi kwa bibi yake, na bibi yake nadhani aliirithi kwa mwashi wa mawe. Siku ya kwanza Shaibu alipokitafuna kisheti kimoja, walinzi wa lango walikimbilia mikuki wakidhani wapanda farasi wameingia kwa mlango wa nyuma.

Fundi Zume, mfua shaba, ndiye aliyekuwa akikaa naye jamvi moja. Akamwambia, "Shaibu, ndugu yangu, mimi nagonga shaba tangu asubuhi. Masikio yangu hupumzika saa ya kula tu. Na wewe saa hiyo ndiyo unafungua karakana kinywani."

"Nivumilie mpaka Ijumaa, Fundi," akasema Shaibu. "Nikishaoa nitakula chakula cha mke wangu, na wewe utamkumbuka papa huyu."

"Nitamkumbuka sana. Hii kofia yangu haijamsahau tangu Jumamosi."

Ikawa mchana mmoja Sultani amelala chali, akaota yumo katika bustani ya mawaridi, na malkia wa nchi ya mbali anamjia taratibu, amejifunika shela ya hariri. Sultani akainama kumfunua uso, na malkia alipofunuliwa akawa ananuka papa. Sultani akaamka akitweta. Kabla hajatulia, huko chini Shaibu akauma kisheti, na Sultani, akidhani dari inaporomoka, akaingia chini ya kitanda. Na huko chini ya kitanda ndiko alikotolea amri.

"Mwiteni Waziri," akasema.

Waziri Jahidi akaja mbio, mtu mwembamba aliyependa amri kama wengine tupendavyo halua. Akalala kifudifudi ili aonane na bwana wake, na wawili hao wakaipanga amri pale sakafuni, pua kwa pua. Alasiri ile ile ikapigwa mbiu ukumbini: "Kuanzia leo, katika ukumbi wa kulia, asinuse mtu chakula cha mwenziwe, wala asisikie mtu mlo wa mwenziwe. Ambaye chakula chake kitanuswa au kusikika na mwingine, atatolewa kazini siku hiyo hiyo, awe nani awaye."

Na kwa kuwa Waziri hakuwa mtu wa kuacha amri itembee peke yake, akateua watu wawili wakae mlangoni: mmoja mwenye pua ndefu, akaitwa Bwana Pua, na mwingine mwenye masikio ya popo, akaitwa Bwana Sikio. Wakashonewa majoho kabisa.

Jamani, mngeuona ukumbi ule siku iliyofuata. Watu wazima wenye ndevu walikaa wakilamba uji uliopoa, kwa ncha ya ulimi, kama paka anayeiba. Mshona kofia mmoja alikuja na wali mtupu akaumeza bila kutafuna, punje baada ya punje, hata macho yakamtoka. Fundi Zume hakuja na kitu, akaona ndiyo salama, lakini tumbo lake likanguruma, na Bwana Sikio akamrukia.

"Umekula nini wewe?"

"Sijala, bwana. Ni tumbo langu tu."

"Lina nini ndani?"

"Halina kitu, ndiyo maana linalalamika."

Bwana Sikio akasimama akilifikiria jambo lile zito, kama kitu kisichokuwapo kinaweza kuhesabiwa chakula. Mwishowe akamwacha, lakini akaliinamia lile tumbo na kulionya.

Mwandishi wa barua hakuwa na bahati hiyo. Yeye alimenya ndizi mbivu, moja, akiwa ameipa mgongo dunia nzima. Bwana Pua akainua uso, akavuta hewa, akaenda moja kwa moja mpaka alipo, na kabla ndizi haijaisha mtu yule alikuwa nje ya lango, kalamu sikioni, ganda mkononi, hana kazi. Hapo ukumbi wote ukajua kwamba hili si jambo la mzaha. Na Shaibu akajua kuliko wote, maana saa yake ilikuwa imefika, na langoni mwavuli ulikuwa umeshafunguliwa.

Akatoka kumlaki mkwewe. Akaamkia, akaitikiwa, akakuna shingo.

"Mama," akasema, "leo, tuseme, tumbo linanisumbua kidogo."

"Linasumbuliwa na chakula changu au na binti yangu?"

"Hasha, mama. Ila Sultani ametoa amri juu ya vyakula vyenye harufu."

Bi Tufaha akalitazama jumba lote, kuanzia msingi hadi paa. "Huyo Sultani anaoa kwangu?"

"Hapana, mama."

"Basi kale, mwanangu. Mimi nipo hapa hapa."

Shaibu akalichukua bakuli kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Kulitupa asingeweza, maana papa yule angetupwa popote angejitangaza mwenyewe. Kulirudisha ni kumpoteza Mwanashee. Kulila ni kupoteza kazi, na kazi ikienda Mwanashee naye anaifuata. Basi akaingia ukumbini, akajikunyata pembeni kabisa, akajifunika kanzu gubigubi yeye na bakuli lake, akaanza kula humo gizani. Wazo lilikuwa zuri. Ila kanzu mnaijua. Harufu ikatokea kwa kila tundu lake, na Bwana Pua akapiga chafya akaketi chini bila kupenda.

Wakamkamata, wakampeleka mbele ya Sultani, na bakuli lake likabebwa nyuma yake, mbali, kwenye ncha ya mkuki.

Sultani akamtazama. "Nawe u nani?"

"Maulana, Mungu akuzidishie umri, mimi ndimi nifukuzaye nzi kwenye kiti hicho ulichokalia, wakati wewe hupo."

"Mbona sijapata kukuona?"

"Siku utakayoniona kazini, Maulana, ujue mmoja wetu amekosea saa."

Sultani akakunja uso, hakujua kama ametukanwa. "Ulijua amri yangu?"

"Niliijua, Maulana."

"Na ukala papa."

"Nilikula, Maulana. Mama mkwe wangu yuko langoni anangoja bakuli. Nisipolimaliza, sina mke. Nikilimaliza, sina kazi, na asiye na kazi Bi Tufaha hampi hata maji. Ijumaa ndiyo nikaha yangu. Nimeiangalia njia ya kulia nikakuta ukuta, nimeiangalia ya kushoto nikakuta Bwana Pua."

Watu wa barazani wakacheka, na Sultani naye akacheka, kile kicheko cha mwenye kushiba. Sultani Shekuwe hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuchoka na kutafuta wa kumchezea. Akajifuta macho, akasema, "Isije ikanenwa mjini kwamba nimevunja ndoa ya fukara. Bakuli la leo mwambie mkweo kwamba limetiwa nguvuni na serikali. Lakini kesho, ewe mfukuza nzi, utakula papa na visheti katika ukumbi ule ule, mbele ya macho yangu, na utakimaliza chakula chote. Na katika wote watakaokuwamo, asipatikane hata mmoja aliyenusa chakula cha mwenziwe, wala kusikia mlo wa mwenziwe. Ukiweza, kazi unayo na mke unaye. Ukishindwa, utatoka mjini kwangu usionekane tena."

Waziri Jahidi akakohoa. "Maulana, milango na madirisha yafungwe, ili harufu isitoroke. Na mtu asizibe pua wala sikio."

"Na iwe hivyo," akasema Sultani.

Shaibu akainama. "Na amri itabaki vile vile ilivyotangazwa, Maulana? Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

Waziri akaisoma tena kwa sauti, akitabasamu, kwa kuwa aliitunga yeye. Shaibu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimeridhika," akarudi kinyumenyume kwa adabu mpaka mlangoni.

Fundi Zume akamfuata nje, akamshika mkono. "Umeridhika na nini, we mwendawazimu? Umeambiwa mvua inyeshe na mtu asilowe."

"Fundi, kesho asubuhi usile kitu."

"Mimi sijala tangu amri itoke," akasema Fundi Zume.

Shaibu akaenda langoni. Huko, kumweleza Bi Tufaha kwamba bakuli lake limefungwa, halikuwa jambo jepesi, na maneno aliyoyasema mama yule juu ya serikali siyaandiki hapa. Alipopoa, Shaibu akamwambia, "Mama, kesho nakuomba upike papa wa kuutosha ukumbi mzima. Na visheti vivyo hivyo."

"Wameposa wote?"

"Mimi tu, mama. Lakini habari za mkono wako zimemfikia Sultani mpaka kitandani."

Na hilo, mtakubali, lilikuwa kweli tupu. Bi Tufaha akaupandisha mwavuli wake juu kidogo. Akaenda akaazima sinia la arusi kwa jirani, sinia pana kama gurudumu la mkokoteni, akatoa papa wote waliokuwa darini, na mtaa mzima ukafunga madirisha.

Ikawa adhuhuri ya siku ya pili. Sultani alikuwa amewekewa kiti chake ukumbini, Waziri kuumeni kwake, Bwana Pua na Bwana Sikio mbele, na watumishi wote wamejipanga kwenye majamvi. Madirisha yalifungwa, joto likajaa, watu wakawa wanatokwa na jasho kama wanaopikwa. Sultani hakuwa amekula, kwa kuwa alisema atakula akishamfukuza mtu.

Mara wakasikia sauti kutoka uani, inakuja inapaa. "Karibuni chakula! Karibuni nyote chakula!"

Ndiye Shaibu, na sinia kichwani, limefunikwa kawa kubwa, anakuja mbio huku akikaribisha. Alikaribisha walinzi wa lango, akakaribisha ngazi, akakaribisha madirisha yaliyofungwa. Ilimbidi akimbie hivyo, kwa kuwa alitaka karibu yake ifike kabla ya harufu yake. Akaingia, mlango ukafungwa nyuma yake, akapiga goti mbele ya Sultani.

"Karibu chakula, Maulana," akasema. "Ni papa tu, kilichopatikana kwa masikini."

Nanyi mnaijua karibu. Huko Shungi ilikuwa vile vile kama ilivyo kwenu. Anayekula humkaribisha aliye karibu naye, na aliyekaribishwa ana njia mbili. Akisema "starehe", amekataa kwa heshima, na chakula si chake. Akinawa mikono, chakula ni chake sawasawa na aliyekipika, hapana wa kumwuliza. Na tangu ulimwengu uwe ulimwengu, mkubwa akikaribishwa na fukara hasemi starehe. Akisema, amemwambia fukara kwamba chakula chake hakifai. Sultani alikuwa Sultani, lakini kwanza alikuwa mtoto wa mama yake, na mama yake alimfunza. Tena alikuwa na njaa. Akanyoosha mikono, akanawishwa, akashuka kitini akaketi jamvini.

Fundi Zume hakungoja maji yamfikie, aliyafuata. Watumishi wote wakanawa. Bwana Pua akamtazama Bwana Sikio, Bwana Sikio akamtazama Bwana Pua, wakakumbuka kwamba nao hawajala, wakakunja mikono ya majoho yao mapya wakanawa.

Waziri Jahidi peke yake ndiye aliyebaki wima, mikono kifuani. "Starehe," akasema.

Shaibu akalifunua sinia.

Hapa nitasema machache, maana kuna wenye mimba wanaosoma. Mjusi aliyekuwa darini alishuka, akapita katikati ya ukumbi kwa heshima zote, akatafuta ufa, akatoka. Sultani alitia tonge kinywani huku amefumba macho kama anayekunywa dawa. Machozi yakamtoka. Akatulia. Akafumbua jicho moja, akatazama kama kuna anayemwona, akatia tonge la pili, kisha la tatu likaenda bila kutazama. Kwa maana papa wa Bi Tufaha alikuwa mbaya kwa mbali tu. Akishafika ulimini, na nazi ile, na ndimu ile, mtu husahau alikuwa anabishana na nani. Mikono ikaanza kugongana juu ya sinia.

Kisha vikafika visheti. Kila mtu akachukua chake, na Sultani akachukua viwili. Wakauma kwa pamoja. Naapa, ukumbi ulitikisika. Vumbi la miaka likadondoka kutoka kwenye boriti, na mitaani watu waliingiza nguo zao ndani wakidhani ni radi.

"Imetosha," akapaza sauti Waziri, ikabidi apaze mara kadhaa, maana hapakuwa na wa kumsikia. "Imetosha, Maulana. Amri imevunjika mbele yako. Waulizwe mashahidi."

Sultani akajifuta mdomo, akakumbuka kwamba yeye ni hakimu. "Bwana Pua, umenusa?"

"Nimenusa, Maulana. Kama sikunusa basi mimi ni maiti."

"Chakula cha nani?"

Bwana Pua akakitazama kiganja chake, akakinusa, akakinusa tena kwa ajili ya uhakika. "Changu, Maulana. Nilikaribishwa, nikanawa. Kipo hapa mkononi. Cha mwenzangu sijakinusa, hiki changu kimejaa pua yote."

"Bwana Sikio, umesikia?"

"Nini, Maulana?"

"Umesikia?"

"Nimesikia kishindo kikubwa, Maulana, lakini kilikuwa ndani ya kichwa changu mwenyewe. Watu wengine niliona taya zao zikienda tu, kimya, kama mbuzi."

Wakaulizwa watumishi mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu vivyo hivyo: amenusa chake, amesikia chake. Fundi Zume akasema, "Mimi nimekisikia kinywa changu, Maulana, na nilikuwa nimekikosa sana."

Shaibu akaanza kupumua. Hapo Waziri Jahidi akapiga hatua mbele.

"Maulana, wapo waliokula, nami sikula. Mimi nilisema starehe, na watu wote walinisikia. Chakula hiki si changu. Nami nimekinusa mpaka utosini, na nimekisikia mpaka kwenye magoti. Kwa hiyo yupo mmoja aliyenusa chakula cha mwenziwe, na mfukuza nzi ameshindwa."

Shaibu hakulitazamia hilo, kwamba yuko mtu duniani wa kukaa na papa yule bila kuonja. Fundi Zume akainamisha kichwa. Nje, juani, mwavuli ulikuwa unangoja, na Ijumaa nyuma yake. Sultani naye alifungwa na kauli yake, kwa kuwa neno lilikuwa limesemwa neno kwa neno.

Shaibu akamtazama Waziri alipo. Akatazama nani aliye karibu naye. Kisha akasema kwa sauti ya upole sana, "Bwana Waziri, shikamoo tena. Amri inasema atolewe ambaye chakula chake kimenuswa. Na humu tuliokula ni wengi, kila mtu na tonge lake. Wewe mwenye pua safi, utuambie basi. Harufu iliyokufikia, ilitoka mkono upi?"

"Ilitoka..." akasema Waziri, akageuka kuelekeza kidole. Na aliyekuwa hapo, chini kidogo ya kidole chake, mkono umejaa mchuzi wa nazi mpaka kwenye kifundo, kisheti kikiwa nusu ndani nusu nje, alikuwa Sultani Mbwana Shekuwe.

Kidole kikabaki hewani.

Sultani akakitazama kidole. Akatoa kisheti kinywani polepole. "Jahidi," akasema, "ninanuka?"

"Hasha, Maulana."

"Basi labda umenisikia nikitafuna."

"Hasha, Maulana. Nani athubutu."

"Maana uliisoma mwenyewe jana, na kwa sauti nzuri. Ambaye chakula chake kitanuswa na mwingine atolewe kazini siku hiyo hiyo, awe nani awaye. Sasa kama ni mimi uliyeninusa, Jahidi, inanipasa nitoke. Niambie niende wapi. Mimi sijui kazi nyingine."

Waziri akawatazama Bwana Pua na Bwana Sikio, nao walikuwa wakichagua vipande. Akautazama mlango, umefungwa kwa amri yake. Kisha akakunja mikono ya joho lake, mmoja, halafu wa pili, akaketi jamvini.

"Nadhani," akasema, "nilisema starehe kabla sijafikiri."

"Karibu, Bwana Waziri," akasema Shaibu, akamsogezea kipande cha mkia.

Waziri akala. Alianza kama anayeadhibiwa, na mwishoni ilibidi Fundi Zume auzuie mkono wake usiingie upande wa watu wengine. Na Sultani alipoulizwa hukumu, hakuweza kuitoa mara moja, kwa kuwa alikuwa akicheka hata tumbo likamuuma, akijipiga paja kwa mkono ule ule wa mchuzi. "Ameshinda," akasema alipopata pumzi. "Ameshinda mfukuza nzi. Mleteeni kanzu nzima, hii inanipa baridi."

Sinia lilibaki na mchuzi kidogo. Sultani aliposikia habari za kidole cha Bi Tufaha, akalivuta kwake akalifuta mwenyewe kwa vidole vyote, likang'aa. Shaibu akalipeleka langoni. Bi Tufaha akapitisha kidole, akakitazama.

"Nani amelifuta hivi?"

"Sultani, mama."

"Hana mtu wa kumpikia?"

"Ana wapishi, mama. Wengi."

"Masikini," akasema Bi Tufaha, akaenda zake. Lakini safari hii alifika mbali kidogo, akageuka, akaaga.

Alasiri ile Sultani akapanda kulala. Ukumbi chini ulikuwa umefagiwa, umefukizwa udi, kimya kabisa. Akajilaza, akafumba macho, na harufu ya papa ikampanda. Akaketi, akavuta hewa huku na huku akitafuta wa kumfukuza kazi, akamkuta yuko ndani ya ndevu zake mwenyewe. Akalala tena, akamwacha.

Alipoamka aliifuta amri ya kwanza, akamrudisha yule mwandishi wa ndizi, na akamfanya aandike amri nyingine, ambayo Shungi inaifuata mpaka leo: aletaye ukumbini chakula cha kunuka au cha kelele, na awakaribishe wenziwe kabla hajakifunua. Na aliyekaribishwa, ama anawe, ama anyamaze.

Ijumaa nikaha ikafungwa. Shaibu akamwoa Mwanashee akiwa na kanzu isiyo na tundu hata moja, na watu wa mtaani walimpita bila kumtambua. Sultani hakualikwa kwa barua wala kwa mjumbe. Aliunusa mji tangu asubuhi, akashuka mwenyewe kwa miguu, akafika kabla ya kadhi, na mikono ameshanawa.

Hekaya yangu imeishia hapo, na sinia hili mmelimaliza. Nami niliwakaribisha tangu neno la kwanza, mkanawa mkala. Basi atakayesema inanuka, ajinuse mwenyewe.